Maswali ya Wasomaji: Kilichomo na Kisichomo katika Saladi Mashuhuri

Katika toleo lililopita nilichapisha maelekezo ya saladi ya Caesar, na katika orodha ya viungo sikuwataja anchovi, wale samaki wadogo wa baharini wanaofanana na dagaa, ambao huhifadhiwa kwa chumvi na mafuta. Sikueleza kwa nini nimewaacha, na kosa hilo nalikubali, kwani barua zilizofuata zilikuwa nyingi na baadhi yake ziliandikwa kwa ukali ambao mtu angeutarajia katika kesi ya mirathi, si katika habari za majani na jibini. Nimechagua sita. Mbili zinahusu saladi hiyohiyo, na nne zilizobaki zinauliza kuhusu saladi nyingine ambazo nazo hazikosi wagomvi wake.

SWALI: Ndugu mhariri, ninasomea upishi, na mwalimu wetu alituambia wazi kwamba saladi ya Caesar isiyo na anchovi ni majani yaliyopakwa mayonezi tu. Je, uliwasahau samaki hao, au kuna jambo ambalo hatukufundishwa?

JIBU: Sikuwasahau, ndugu mwanafunzi, na mwalimu wako hakukosea kuhusu ladha. Atakuwa amekosea tu ikiwa alidai kwamba ndivyo saladi hii ilivyoanza.

Jina lenyewe halimhusu Kaisari wa Roma, kama wengi wanavyodhani. Ni jina la Caesar Cardini, Mwitaliano aliyehamia Amerika ya Kaskazini na kuendesha mgahawa Tijuana, mji wa Meksiko uliopakana na Marekani. Miaka hiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini Marekani, marufuku iliyodumu tangu 1920 hadi 1933, na watu wa California walikuwa wakivuka mpaka ili wale na kunywa bila wasiwasi. Kwa masimulizi ya binti yake, Rosa, tarehe 4 Julai 1924, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao, wageni walifurika hata jiko likaelekea kuishiwa, naye Cardini akakusanya vilivyosalia: letusi ya romaine, yenye majani marefu na uti mnene wa katikati, mafuta ya zeituni yenye ladha ya kitunguu saumu, mayai, jibini ya Parmesan, vipande vya mkate vilivyokaushwa, maji ya limau na sosi ya Worcestershire. Alivichanganya mezani mbele ya wateja, kwa madaha, ili uchache wa viungo ufunikwe na uhodari wa mikono. Majani hayakukatwakatwa, yaliachwa mazima, na mlaji alishika uti kwa vidole kama anayeshika mpini wa kijiko. Julia Child, mwandishi mashuhuri wa mapishi wa Marekani, alipelekwa huko na wazazi wake katikati ya miaka ya 1920 akiwa bado msichana mdogo, na miaka mingi baadaye aliandika jinsi alivyomwona Cardini akivunja mayai juu ya majani.

Katika orodha hiyo anchovi hawamo. Ila Cardini alikuwa na ndugu, Alex, ambaye naye alidai kuwa saladi ni yake, akaiita saladi ya marubani, na katika yake anchovi walikuwamo. Hapo ndipo ubishi unapochekesha, kwa sababu sosi ya Worcestershire yenyewe hutengenezwa kwa anchovi waliochachushwa, kwa hiyo hata katika bakuli la Caesar samaki alikuwamo tangu siku ya kwanza, ila aliingia kwa kupitia chupa. Maelekezo yangu yalikuwa na kijiko kidogo kizima cha sosi hiyo, nami nikaona samaki wa pili angemmeza wa kwanza.

Kuna utata mwingine ambao Kiswahili, kwa bahati njema, kinautatua vizuri. Sisi tuna limau na tuna ndimu, wala hatuvichanganyi. Kwa Mhispania neno «limón» ni limau, lakini kwa Mmeksiko neno hilohilo kwa kawaida ni ndimu, ile ndogo ya kijani. Ndiyo maana maelekezo mengine ya Caesar hutaja tunda moja na mengine hutaja jingine, na kila upande huapa kwamba wake ndio asili. Mimi hutumia limau, kwa kuwa ndimu huikatiza ladha ya jibini kabla haijatulia ulimini, lakini mwenye kupendelea ndimu pengine yuko karibu zaidi na Tijuana kuliko mimi.

Ukitaka kuwatia anchovi, minofu miwili yatosha kwa watu wanne. Iweke juu ya ubao pamoja na punje moja ya kitunguu saumu, uisugue kwa ubapa wa kisu kwenda na kurudi mpaka isionekane tena kuwa ni samaki bali uji mzito wa rangi ya udongo, kisha uuchanganye na limau kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi ije mwisho kabisa na baada ya kuonja, kwa sababu samaki ana yake na jibini ina yake. Kuhusu kuku wa kuchoma, ambaye siku hizi huwekwa juu ya saladi hii karibu kila mahali, yeye ni nyongeza ya baadaye iliyoigeuza saladi ya pembeni kuwa mlo kamili; sina ugomvi naye.

Kinachoiharibu saladi ya Caesar kuliko ubishi wote wa samaki ni maji. Niliwahi kuwaandalia wageni wanane na, kwa haraka, nikatia majani ambayo yalikuwa yametoka kuoshwa. Sosi iliteleza kutoka katika kila jani kama mvua kwenye bati, ikatuama chini ya bakuli, na wageni wakala letusi tupu kwa adabu kubwa. Tangu siku hiyo huyafuta majani kwa kitambaa safi, huyaviringisha katika kitambaa kingine kikavu, na kuyaacha kwenye jokofu kwa saa nzima.

SWALI: Mhariri mpendwa, nina ujauzito wa miezi mitano, na maelekezo yako yanataka yai lililotumbukizwa katika maji ya moto kwa dakika moja tu. Je, dakika moja inatosha kuua vijidudu?

JIBU: Haitoshi, mama, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kula. Dakika moja hulipasha yai joto na kuanza kuigandisha ute kidogo tu karibu na ganda, lakini kiini hubaki kibichi, na bakteria wa salmonela, kama wamo, hubaki hai. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu ya mwili wasile sosi hiyo kama nilivyoieleza.

Yafaa kwanza kujua yai linafanya kazi gani, ndipo tujue la kuliweka badala yake. Mafuta na maji ya limau havipatani; ukivitikisa pamoja hutengana tena punde. Kiini cha yai kina lesithini, ambayo hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, na kwa njia hiyo sosi huwa nzito na kung'ang'ania jani. Haradali nayo husaidia kazi hiyohiyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo chemsha mayai mawili kwa dakika 10, toa viini, uviponde kwa uma pamoja na kijiko kidogo cha haradali na maji ya limau mpaka visiwe na mabonge, kisha mimina mafuta ya zeituni kidogo kidogo, kwanza tone kwa tone na baadaye kama uzi, huku ukikoroga bila kuacha. Utapata sosi nzito kuliko ya Cardini na yenye rangi ya manjano iliyoiva, lakini haitakudhuru. Mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa joto la kuua vijidudu bila kuiva, kama yanapatikana, yanafaa vilevile, na kijiko kikubwa cha mayonezi ya dukani ni njia ya mkato ambayo sitaisema vibaya.

SWALI: Ndugu mhariri, tuamulie. Mume wangu huipika saladi ya Niçoise kwa viazi vya kuchemsha, maharage machanga ya maganda, jodari na mayai. Mimi nina kitabu kinachosema viazi ni mwiko. Tumefikia hatua ya kila mtu kuwa na bakuli lake.

JIBU: Bakuli mbili ni suluhisho la busara kuliko mnavyodhani, kwa sababu watu wa Nice, mji wa kusini mwa Ufaransa ambao saladi hii imepewa jina lake, wenyewe hawajawahi kukubaliana. Mwaka 1903 mwandishi mmoja wa mapishi ya mji huo, Henri Heyraud, alieleza saladi yenye nyanya, atichoki (mboga ambayo huliwa kitumba cha ua lake), pilipili hoho, zeituni nyeusi na anchovi, bila jodari na bila letusi. Katika miaka hiyohiyo Auguste Escoffier, mpishi mkuu wa zama zake, ambaye alizaliwa Villeneuve-Loubet karibu kabisa na Nice, yeye aliandika viazi, maharage machanga na nyanya, akavipamba kwa zeituni, kepa, yaani vitumba vidogo vya maua vilivyohifadhiwa kwa siki au chumvi, na anchovi. Mume wako, kwa hiyo, ana Escoffier nyuma yake.

Kitabu chako nadhani kinamfuata Jacques Médecin, aliyekuwa meya wa Nice tangu 1966 hadi 1990. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha mapishi ya kwao na humo akawasihi wasomaji wasithubutu kutia kiazi cha kuchemsha wala mboga yoyote iliyopikwa. Siasa zake ziliishia vibaya, kwani alikimbilia Uruguay na baadaye akarudishwa Ufaransa kujibu mashtaka ya ufisadi, lakini saladi yake imebaki na heshima yake. Kwa Médecin nyanya ndiyo msingi: hukatwa robo, hutiwa chumvi si mara moja bali mara tatu, na kulowekwa mafuta ya zeituni. Hufuata tango, pilipili hoho za kijani, vitunguu vya majani, maharage mapana machanga au atichoki ndogo zikiwa mbichi, zeituni nyeusi, majani ya rehani na mayai ya kuchemsha, ambayo ndiyo pekee yanayoruhusiwa kupita motoni. Bakuli hupakwa kitunguu saumu ndani. Siki haimo. Kuhusu samaki, aliandika kwamba zamani ilikuwa ama anchovi ama jodari, kwa sababu jodari alikuwa ghali na aliwekwa kwa siku za sherehe tu, na kwamba kuwachanganya wote wawili ni mazoea ya baadaye.

Ukiuliza ni kwa nini kiazi kinawaudhi watu kiasi hicho, jaribu kuitengeneza saladi ya Médecin mara moja, na usiwe na haraka. Nyanya iliyotiwa chumvi huanza kulia baada ya dakika chache. Maji yake huchanganyika na mafuta chini ya bakuli na kuwa sosi ambayo hakuna aliyeipika, yenye uchachu wake, chumvi yake na harufu ya rehani. Ndiyo maana siki haihitajiki. Sasa tia viazi vya moto: vitainywa sosi hiyo yote kabla hujaketi, na utabaki na saladi nzuri ya viazi na nyanya kavu pembeni. Kiazi si kibaya kwa ladha, ila hunywa kile ambacho mboga mbichi zimetoa. Watu wa Nice wana ushahidi mwingine wa jambo hilo katika «pan bagnat», jina lenye maana ya mkate uliooga, ambao ni saladi hiyohiyo iliyowekwa ndani ya mkate wa mviringo na kukandamizwa mpaka maji ya nyanya na mafuta yaulowanishe. Hapo mkate ndio unaofanya kazi ya kunywa, na kiazi hakina nafasi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Mume wako akitaka viazi, awe na sosi yake ya pembeni ya mafuta, siki na haradali, avitie viazi sosi hiyo vikiwa bado vuguvugu, kisha avipange kando ya nyanya bila kuvichanganya. Hiyo ndiyo namna ambayo migahawa mingi ya nje ya Nice huifanya, na wengi wanaipenda kwa haki. Wewe ushike bakuli la Médecin wakati nyanya zimeiva vizuri. Nyanya zikiwa ngumu na hazina ladha, sahau kitabu chako uende ukale kwa mumeo.

SWALI: Katika mgahawa mmoja niliagiza saladi ya Kigiriki nikaletewa letusi nyingi na punje chache za jibini juu yake. Je, nilidhulumiwa?

JIBU: Kwa kipimo cha Ugiriki, ndiyo. Saladi ambayo wageni huiita ya Kigiriki huko kwao huitwa «horiatiki», yaani ya kijijini, nayo ni nyanya, tango, kitunguu, zeituni na mara nyingi pilipili hoho ya kijani, vyote vikiwa katika vipande vikubwa, juu yake kipande kizima cha jibini ya feta, oregano iliyokauka na mafuta ya zeituni kwa wingi. Letusi haimo, na si kwa dharau: Wagiriki wana saladi nyingine kabisa ya letusi, iitwayo «maroulosalata», ambayo hukatwa nyembamba na kutiwa majani mabichi ya bizari (dill) na vitunguu vya majani. Aliyekuhudumia alikupa saladi mbili zilizoshindwa kuoana.

Feta nayo si jina la kila jibini nyeupe. Tangu 2002 Umoja wa Ulaya umelilinda jina hilo kwa jibini inayotoka Ugiriki, iliyotengenezwa kwa maziwa ya kondoo yasiyopungua asilimia 70, na yanayobaki yakiwa ya mbuzi. Jibini ya maziwa ya ng'ombe inayofanana nayo huwa na ladha tulivu zaidi na hupondeka tofauti. Iache feta ikiwa nzima hadi mezani, kwa sababu kila mlaji hujimegea mwenyewe, na mkate uwepo karibu kwa ajili ya mafuta yaliyobaki.

SWALI: Saladi ya Waldorf isiyo na kokwa za walnati ni halali? Mwanangu ana mzio wa kokwa.

JIBU: Ni halali zaidi kuliko unavyofikiri. Ilitoka katika hoteli ya Waldorf mjini New York miaka ya 1890, na kitabu cha Oscar Tschirky, aliyesimamia huduma za meza huko, kilichotoka 1896, kinataja matufaha, seleri na mayonezi, basi. Walnati ziliingia baadaye, na zabibu baada yake. Lipake tufaha maji ya limau mara tu unapolikata lisigeuke rangi, na mwanao atakuwa anakula saladi ya asili wakati wageni wanakula iliyoongezwa.

SWALI: Mhariri, napenda saladi ya Olivier, ile ya Kirusi yenye viazi, karoti, njegere na mayonezi, lakini yangu hugeuka uji. Na je, nyama yake ni kuku au soseji?

JIBU: Nitaanza na nyama, kwa kuwa jibu lake ni la ajabu kidogo: mwanzoni haikuwa kuku wala soseji. Lucien Olivier alikuwa mpishi wa mgahawa wa Hermitage mjini Moscow katika miaka ya 1860, na sosi ya saladi yake aliificha kama mtu anavyoficha ufunguo wa kasha. Alifariki 1883 bila kuiandika. Maelekezo yaliyochapishwa 1894 yanataja ndege wa porini, viazi, tango, mikia ya kamba wa mtoni, zeituni na kepa, lakini hayo ni ya mtu aliyejaribu kukumbuka au kukisia. Enzi ya Kisovieti ndege huyo na kamba hawakupatikana kwa urahisi, wakaingia kuku au soseji laini ya kuchemsha, karoti, njegere za kopo na matango yaliyochachushwa, na saladi ya mgahawa wa matajiri ikawa chakula cha kila nyumba usiku wa mwaka mpya. Wairani huitia kuku aliyechambuliwa nyuzinyuzi, na Wahispania mara nyingi hutia jodari. Hapa, tofauti na Niçoise, hakuna mji wenye bakuli la asili la kurejelea, kwa hiyo tia nyama unayoipenda. Mimi hutumia kuku, kwa sababu soseji huongeza chumvi mahali ambapo matango yamekwisha kuileta ya kutosha.

Uji unatokana na mambo mawili. La kwanza ni kiazi: chagua aina yenye wanga kidogo, isiyopasuka inapoiva, ukichemshe na ganda lake, na ukiache kipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha kwenye jokofu, kabla ya kukimenya na kukikata. Kiazi cha moto hupondeka chini ya kisu hata kisu kiwe kikali namna gani. La pili ni ukubwa wa vipande. Njegere haikatwi, kwa hiyo ndiyo kipimo cha vyote: kiazi, karoti, yai, tango na nyama vikatwe kufikia ukubwa wa njegere, ili kijiko kimoja kibebe kila kitu na pasiwe na haja ya kukoroga sana. Matango ya chachu yakamue kwa mkono baada ya kuyakata, kwani maji yake ndiyo huilegeza mayonezi. Changanya vyote vikiwa vikavu, uviweke kwenye jokofu, na mayonezi itiwe dakika chache kabla ya kupakua, kijiko kimoja kimoja, ukikoma pale vipande vinapoanza kushikana.